Safu ya Mwisho

Mlango wa ofisi ya Daktari Raya ulivunjika kwa teke la tatu. Wanaume saba waliingia, wakazoa kanda zote za ngono alizokuwa akizifanyia utafiti, wakaenda kuzichoma uani. Akabaki Makame, mdogo wa mumewe, na daftari la Raya mkononi.

"Masomo yote ya chuo kikuu, shemeji, wewe ukachagua kusomesha uchafu?"

Alilifungua daftari akiutafuta huo uchafu. Hakukuta picha hata moja. Alikuta safu zilizopigwa rula, na ndani yake vijiti vya penseli, ukurasa baada ya ukurasa.

"Na hivi vijiti ni vya nini?"

"Kila kijiti ni pigo moja. Natazama filamu. Mwanamke akipigwa, nachora."

Makame akamzaba kofi. Miwani ikaruka, ikapasukia ukutani. Raya akalivuta daftari, akachora kijiti kwenye safu ya makofi. Ikaja ngumi, mdomo ukachanika. Akachora kingine kwenye safu ya ngumi, damu ikidondokea karatasi. Wenzake Makame walikuwa wamerudi mlangoni, wakinuka moshi.

"Safu ya mwisho ni ya jina la mpigaji," alisema Raya. "Miaka tisa sasa iko tupu. Kwenye filamu huonyesha mikono yake tu, uso hawauonyeshi."

Akaweka ncha ya penseli kwenye safu ile.

"Niandike Makame tu, shemeji, au na jina la baba?"

Mkono wa Makame ulikuwa bado hewani.