Fundi wa Tumboni

Siku hizi hapasuliwi mtu. Unameza fundi, mdogo kama punje ya ulezi, anakushona ndani kwa ndani.

Mume wangu Shekue alimezeshwa unga wa mkaa kama kipimo, ukatokea kwenye mkojo. Daktari akasema mrija wa figo umetoboka hadi kwenye utumbo. Yeye akapewa fundi, mimi nikapewa kazi ya kusikiliza. Nyumbani tukaacha kutwanga ili nisikie. Kila mchana nilimwekea sikio tumboni, cherehani ya fundi ikilia kwa mbali, mpaka tukasinzia wote.

Jana mkojo ulitoka safi. "Tundu limeziba, mama," daktari akasema. "Fundi akimaliza hunyamaza."

Leo nimesikiliza tena.

"Amenyamaza, Mama Zahabu?" Shekue akaniuliza.

Tumbo kimya. Cherehani inalia kifuani, jirani na moyo.

"Amenyamaza," nikamjibu. "Lala."