Gari Lililomkataa Mama Mkwe

Gari la mpima ardhi liliruka pale tu mama mkwe wake alipokuwa ndani.

Fundi aliposikia shtaka hilo kwa mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili hakucheka. Lilikuwa gari la porini, lenye springi za vyuma bapa vilivyolaliana kama kurasa za daftari. Likipanda mlima wa kokoto, ekseli ya nyuma ilitaka kujizungusha pamoja na magurudumu. Springi zikajikunja, zikafyatuka, na gari zima likarukaruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto. Gereji mbili zilikuwa zimeshindwa. Fundi aliijua dawa: mkono wa chuma, ncha moja kwenye ekseli, ya pili kwenye chasisi, ili ekseli isipate nafasi ya kujipinda. Aliufunga. Wiki moja baadaye gari likarudi.

"Kwenda, kimya," mpima ardhi alieleza. "Tulivuka mlima kama tumelala kitandani. Kurudi na mama mkwe, anayehamia kwetu, balaa! Akasema moyo unamtoka, nikamrudisha kwake."

"Mama ana kilo ngapi?"

"Arobaini na tano, akiwa amebeba mkoba."

Chini ya gari, nati mbili za mkono wa chuma hazikuwepo. Fundi alifunga nyingine, nene zaidi. Safari ya pili ikawa vilevile: kwenda kimya, kurudi balaa, nati hakuna. Fundi wa gereji ya jirani, ambaye naye alikwishashindwa na gari hilohilo, sasa aliwauliza wateja waliopita mlangoni kwake, "Mama mkwe umemwacha nyumbani? Basi nenda kwa Bingwa."

Bingwa wa Springi: ndivyo kibao kilivyosomeka kwa miaka kumi na minane.

"Safari ya tatu tunakwenda wote," fundi alimwambia mpima ardhi. "Likiruka, kibao nakishusha kwa mikono yangu mwenyewe."

Hakusema alichokuwa akiwaza. Nati zilizokazwa na yeye hazikuwa na desturi ya kutembea. Na ni mwanamume gani, alijiuliza, anayetamani kwa dhati mama mkwe ahamie chumba cha pili?

Jumamosi asubuhi alikaza nati hadi mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akapaka juu yake mstari wa rangi nyeupe, kutoka kwenye nati hadi kwenye bolti. Nati ikisogea kidogo tu, mstari ungekatika. Walivuka mlima bila kutikisika. Walipofika uani kwa mama mkwe, fundi aliingia chini ya gari. Mistari ilikuwa mizima.

Mama mkwe aliwapokea mlangoni, mabegi yakiwa yamefungwa.

"Karibuni, wanangu! Leo nakwenda. Hata likiruka, nitashikilia."

Sebuleni, spana za marehemu mumewe, aliyekuwa dereva wa malori, zilipangwa ukutani kuanzia ndogo hadi kubwa, ziking'aa kwa mafuta.

"Mama, unazitunza," fundi alisema.

"Ndizo alizoniachia, baba. Kunywa chai."

Fundi alichagua kiti cha kumwona mpima ardhi vizuri. Mpima ardhi alipokwenda chooni, fundi naye alibanwa ghafla. Alipotoka nje kupokea simu, fundi alitoka kunyoosha miguu.

"Fundi, umekuwa kivuli changu?"

"Nakulinda."

"Na nani?"

"Na wewe mwenyewe."

Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. Akawaongezea chai, akachukua bakuli la mtama, akaenda kuwapa kuku. Alikawia. Aliporudi alinawa kwa sabuni hadi viwikoni, akajifunga mtandio na kusema yuko tayari.

Katikati ya mlima, gari likaruka.

"Uwii! Moyo wangu!" mama mkwe alilia kutoka kiti cha nyuma.

Mpima ardhi alikanyaga breki. Fundi alijitupa chini ya gari. Mkono wa chuma ulining'inia kama mkia, na nati hazikuwepo.

"Ulizifungua saa ngapi?" alifoka kutoka kule chini.

"Mimi? Fundi, tumekwenda wote hata chooni!" Mpima ardhi aliinama kumtazama. "Mke wangu amesema nisirudi bila mama yake. Chumba nimekipaka rangi mwenyewe, pazia nimelishona mwenyewe. Mama yangu mzazi simkumbuki hata sura. Huyu ndiye mama niliye naye, halafu nimfungulie nati?"

Alikwenda zake, akifuta macho kwa mkono wa shati, kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu.

Fundi alibaki amelala chali kwenye kokoto. Mtu anayeweza kusema vile hakuwa mtu wa kufungua nati. Basi kosa lilikuwa la fundi mwenyewe.

"Kibao changu kimekwisha," alijisemea kwa sauti. "Miaka kumi na minane!"

Viatu vidogo vyeusi vilishuka kutoka kiti cha nyuma, vikazunguka gari kwa hatua nyepesi, vikasimama karibu na kichwa chake. Mama mkwe alichuchumaa bila kushika popote, akamtilia fundi kiganjani nati mbili zenye mstari mweupe.

"Nirudishe kwanza kwangu, ndipo uzifunge," alinong'ona. "Na kibao usikishushe, baba. Katika mafundi watatu, ni nati zako tu zilizonitoa jasho."