Mstari wa Mzee Hirshel

Katika kundi la mtandaoni la Wayahudi washika dini wa mji ule, hakuna aliyemshinda Pesya kutambua nyimbo. Ukiandika mstari mmoja tu, atakutajia wimbo. Hawakujua kwamba mara nyingi aliupekua kwanza mtandaoni.

Ijumaa moja asubuhi Mzee Hirshel, mgane wa mtaa wa nyuma, aliandika: "Taa mbili zimewaka, mgeni yu njiani."

Pesya alipekua, asiupate. Lakini sifa ni tamu. Akajibu, "Huo wa harusi za zamani, mzee. Bibi yangu alituimbia wimbo mzima."

"Mungu akubariki, mwanangu," mzee akaandika. "Marehemu mke wangu aliuimba kila akiwasha mishumaa ya Sabato. Nilidhani kautunga mwenyewe. Ubeti wa mwisho umenitoka tangu tumzike. Niandikie, tafadhali, kabla jua halijatua na Sabato kuingia."

Watu wakammiminia Pesya pongezi. Uso ukamwaka moto. Alifuta jibu lake, lakini wote walikwishalisoma. Mwishowe akaandika mbele yao, "Nisamehe, mzee. Nilidanganya. Siujui."

Kisha mzee akaandika, "Hakuna neno. Basi ni wake kweli."

Maneno hayo yalimchoma Pesya kuliko matusi. Akajifunga kilemba, akaenda kumwomba radhi ana kwa ana. Mlango wa mzee ulikuwa wazi kidogo. Ndani, sauti yake iliimba taratibu wimbo wa taa mbili; ilipofika ubeti wa mwisho, ikaendelea kuvuma bila maneno. Pesya akainua mkono abishe, ukabaki hewani.