Tungule

Siku ya tatu ya matembezi yangu Pemba, nikitoka kwenye mashamba ya karafuu, niliingia sokoni kununua nyanya.

“Chagua tungule, mwanangu,” akasema bibi muuzaji.

Nikabaki nimeshika nyanya moja, ngozi yake bado ina joto la jua. Kwetu Kilosa, aliyeita nyanya tungule alikuwa nyanya yangu mzaa mama, peke yake. Tulimcheka mpaka anaingia kaburini. Ukimuuliza kwao wapi, anajibu, “Hapahapa relini.”

Nikamsimulia muuzaji.

“Akiitwa nani?”

“Anastazia.”

“Hilo la kanisani. La nyumbani je?”

Sikulijua. Nikampigia mama simu Kilosa.

“Shikamoo, mama. Hivi bibi, kabla ya kubatizwa, aliitwa nani?”

Mama hakuitikia hata marahaba.

“Kwani wewe uko wapi?”