Gramu Mia Nne na Kumi

Koplo Tumsifu aliweka mfuko wa bangi juu ya mizani, akasubiri namba zitulie. Gramu mia nne na kumi.

Mwenye mfuko, fundi cherehani Lwitiko, alikuwa ameketi kwenye benchi, mguu wake uliovimba ameunyoosha mbele. Alikuwa ameeleza kwamba huchemsha majani yale ili apate usingizi. Hakuna aliyembishia.

Inspekta Malugu alisogea, akasoma mizani. Chini ya nusu kilo adhabu ilikuwa faini tu. Kuanzia nusu kilo ilikuwa kifungo, na kwa kila mfungwa kituo kilipewa motisha, askari wakagawana.

"Imekauka sana hii," alisema kwa upole, akimsogezea Tumsifu chupa ya maji. "Inyunyizie kidogo, halafu upime tena."

Tumsifu aliitazama chupa. Mwaka huu alikuwa amenyunyiza mara mbili, na mgawo wake ndio uliomnunulia mabati ya nyumba. Safari hii aliandika mia nne na kumi kwenye fomu, akatia saini.

"Mimi nimemaliza, afande."

Malugu hakukasirika. Aliichana ile fomu, akavuta nyingine. "Niachie funguo za stoo. Kuanzia kesho utakaa getini."

Tumsifu aliziweka mezani, akaondoka. Alipofika mlangoni aligeuka. Lwitiko alikuwa ameinama mbele kwenye benchi, akimtazama Inspekta akiyanyunyizia majani maji kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayemwagilia miche.