Timu Iliyoogopa Geti

Wanyama nao walikuwa na Kombe lao la Kiangazi, na nafasi ya mwisho ya kushiriki ilikuwa ya timu itakayotangulia kufunga bao. Ngiri, mkuu wa kamati ya ufundi, yaani ya uganga wa timu, akawaonya wachezaji wake, "Getini tumetegewa uchawi. Tunaruka ukuta."

"Na tumbo hili, mzee?" akauliza Kiboko, golikipa.

"Basi pita getini, ulogwe peke yako!"

Kiboko akapita, akakuta uwanja hauna mchezaji hata mmoja. Wapinzani nao walikuwa wakiparamia ukuta wa upande wa pili, kwa hofu ileile. Saa ilipotimia, mwamuzi Korongo akapuliza filimbi. Kiboko akausukuma mpira taratibu mpaka wavuni.

"Mmeiona dawa yangu?" Ngiri akapaza sauti, suruali imenasa ukutani.

"Tumeiona, mzee," Kiboko akajibu. "Ya kukushusha unayo, au nilete ngazi?"