Nuksi ya Wapasua Magogo

Huguette alikwisha kuvaa koti na buti moja pale mumewe alipomwambia avue, akae.

"Nikae wapi?"

"Hapa, kwenye kochi. Leo tunaangalia wote."

Buti la pili likamponyoka mkononi.

Ukitaka kumjua Normand Thibeault, muulize historia ya timu yetu ya mpira wa magongo wa barafuni, Wapasua Magogo wa Val-Brisson, kwenye mechi za mchujo. Hatakutajia wachezaji. Mwaka tulipofungwa katika muda wa nyongeza, atakwambia, Huguette alikuwa ameingia sebuleni na supu ya njegere. Mwaka beki wetu alipojifunga mwenyewe, Huguette alikuwa amepiga chafya. Na ule mwaka mchungu, tuliotolewa nusu fainali huku tukiongoza kwa mabao matatu, Huguette alikuwa ameuliza, kwa upole kabisa, sisi ndio wenye jezi gani.

Basi msimu huu Normand akakata shauri kwamba mkewe ni nuksi. Kila mechi ya mchujo aende kwa dada yake Pierrette, ng'ambo ya mto, asirudi mpaka mchezo uishe.

Yeye mwenyewe alikuwa na masharti yake. Ndevu hanyoi, soksi hazifuliwi. Uwanjani hakanyagi, maana siku moja aliyokwenda tulipigwa sita bila. Wachezaji wakianza kutoka chumbani kwao kuingia kwenye barafu, anaigeuzia runinga mgongo na kufumba macho mpaka asikie filimbi. Mtu mzima huyo, fundi bomba, ana wajukuu.

Huguette hakulalamika. Alibeba kikapu chake cha kufuma, akaenda zake. Alirudi sauti imemkauka, akasema Pierrette siku hizi hasikii mpaka umpigie kelele. Koti lilinuka chipsi, akasema Pierrette naye na mafuta yake. Normand hata hakusikiliza, kwa sababu tulikuwa tumeshinda. Tulishinda raundi ya kwanza, ya pili, nusu fainali. Kila raundi ina mechi kadhaa; tulipokuwa wageni tulifungwafungwa, na Normand akadai siku hizo Huguette alirudi mapema. Lakini nyumbani hakuna aliyetuweza. Sasa ilibaki mechi moja tu, kwetu, na atakayeshinda anabeba kombe. Mji huu haujawahi kuliona kombe hilo ila kwenye picha.

Kilichomgeuza Normand ni lile koti. Asubuhi ile alilikuta limeshatundikwa mlangoni, buti chini yake, kikapu kando. Mke wake wa miaka yote hiyo alikuwa amefungasha tangu alfajiri kama mpangaji aliyepewa notisi. Moyo ulimchoma. Mchana hakula, na jioni ndipo akamwambia avue.

Yvon, jirani yao, alikuja na bia zake kama kawaida. Alipomwona Huguette kwenye kochi, aliduwaa mlangoni.

"Shemeji, hujaenda kwa Pierrette?"

"Haendi," alisema Normand.

Yvon aliweka bia chini taratibu. Akaanza kusema kwamba Pierrette ni mzee, yuko peke yake, na isitoshe si vizuri kubadilisha mambo siku ya fainali. Kabla hajamaliza, simu ikalia. Alikuwa mama wa duka la mikate, anauliza tu, hivi Huguette ameshatoka? Normand akakata. Ikalia tena. Safari hii alikuwa padri, na yeye hakuzunguka: alisema kwa ajili ya mji mzima, Huguette aende ng'ambo ya mto, tena haraka.

Hapo Normand alipandwa na hasira. Kumbe yeye amefanya utani wa nyumbani kwake, na mji mzima umemgeuza mkewe kuwa balaa.

"Baba, nisikilize," aliiambia simu, ndevu zikimtetemeka. "Mke wangu si nuksi. Mimi ndiye nilikuwa mpumbavu. Kama kombe haliwezi kuja yeye akiwa amekaa kwenye kochi lake, basi lisije."

Akakata simu. Huguette alikuwa anamtazama, macho yamejaa machozi. Miaka mingi hakuwa amesikia maneno kama hayo.

"Normand, mume wangu, kuna kitu..."

"Usiseme kitu. Kaa."

Akafungua kinywa tena, na Normand akamshika mkono, akaubusu, akambana pembeni yake. Ukweli ni kwamba Huguette alifurahi. Akatulia. Yvon aliwatazama wote wawili kama mtu anayeona nyumba inaungua, akasema anatoka kidogo kwenda kuwasha gari lake, baridi hii si nzuri kwa injini.

Kwenye runinga mlango wa wachezaji ukafunguliwa. Kwa mazoea Normand alianza kugeuka, kisha akajizuia. Upuuzi wote ameshautupa. Kwa mara ya kwanza msimu huu alitazama timu yake ikiingia.

Hawakuingia. Kipa alisimama mlangoni, mkono wenye glavu kaunyoosha kwenye kiti cha kwanza cha watazamaji pembeni, na kiti kilikuwa kitupu. Nyuma yake wenzake walirundikana, wanachungulia huku na huku. Mtangazaji alisema jambo hili halijawahi kutokea: kila mechi ya nyumbani vijana hawa huingia baada ya kumgusa kichwani yule bibi yao wa kofia ya manjano, na leo bibi hayupo.

Normand aligeuka polepole.

Huguette aliinama kwenye kikapu, akatoa kofia ya manjano yenye kishada kikubwa kama chungwa, akaivaa.

"Nilitaka kukwambia," alisema, "lakini ulikuwa unanitetea vizuri mno, nikaona nikuache umalize."

Nje, Yvon alipiga honi.